Santorini: Kisiwa Kilichojengwa Ukingoni mwa Moto

Katika bahari ya Aegea, kusini-mashariki ya Ugiriki bara, kimo kisiwa kidogo ambacho Wagiriki hukiita Thira, na mabaharia wageni wamekiita Santorini. Eneo lake ni kilometa za mraba 76 tu. Mtu mwenye miguu myepesi aweza kukitembea toka ncha hata ncha kwa siku moja. Wenyeji wake ni watu kama 15,000. Lakini wageni wanaokijia ni wengi mno: mwaka 1 tu, yaani 2023, walipata milioni 3 na zaidi.

Je, watu hao wanatafuta nini? Ukiwauliza, watakujibu: nyumba nyeupe, bahari ya buluu, na jua linapokuchwa. Hayo ni kweli, tena ni mazuri. Walakini kisiwa hiki kina neno jingine la kutufundisha, hasa sisi tunaoishi jirani na Nyiragongo. Santorini si nchi iliyo karibu na mlima wa moto. Chenyewe ndicho mlima wa moto. Watu wamekaa juu yake tangu zamani za kale. Mara kadha wa kadha walifukuzwa na moto na matetemeko, na kila mara watu walirudi wakajenga.

Mimi nilikitembelea peke yangu mwezi wa Septemba mwaka 2024, nikakaa siku 6. Nawaandikia wasomaji wapenzi niliyoyaona kwa macho, na niliyojifunza baadaye.

MLANGO WA KISIWA

Merikebu huondoka asubuhi katika bandari ya Piraeus, iliyo karibu na mji wa Athene, ikapita visiwa vya Paros na Naxos, ikafika Santorini alasiri. Abiria wote walikimbilia upande mmoja wa merikebu ili watazame, nami pamoja nao. Mbele yetu zilisimama kuta za mwamba, zimetoka majini wima, urefu wake kama meta 300. Rangi zake zimepangwa kwa matabaka: jeusi, jekundu, la majivu, jeupe. Na huko juu kabisa, ukingoni, nyumba zilionekana kama yangeyange waliotua kwa kundi.

Msomaji atauliza: kuta hizo zilitoka wapi? Fikiri chungu kikubwa kilichozama majini, kimebaki ukingo wake tu, nao umemeguka mahali. Zamani kisiwa kilikuwa kimoja. Yapata miaka 1600 kabla ya kuzaliwa Kristu, mlima ulipasuka kwa nguvu isiyo na kifani. Ukatoa majivu na mawe mepesi mengi hata tumbo lake likabaki tupu; kisha dari ya tumbo hilo ikaanguka chini, na bahari ikaingia. Leo shimo hilo lina urefu wa kilometa kama 12 na upana wa kilometa 7, na kilindi chake hupita meta 300. Kipande kikubwa cha ukingo ndicho Thira. Vipande vidogo ni Thirasia na Aspronisi. Katikati ya maji vimo visiwa viwili vyeusi, Palea Kameni na Nea Kameni, maana yake Kilichoungua cha Kale na Kilichoungua Kipya. Hivyo ni watoto wa moto, waliozaliwa baadaye.

MGENI WA PEKE YAKE

Watu wengi walinishangaa kwamba nasafiri bila mwenzi. Kwetu mtu aendaye peke yake hudhaniwa kuwa amekosana na nduguze. Lakini safari hiyo ilinionyesha faida moja. Watu waendao wawili huongea wao kwa wao. Aendaye peke yake hana budi kusalimia watu. Nilijifunza kusema «kalimera» asubuhi na «kalispera» jioni, na kwa maneno hayo mawili milango mingi ilifunguka. Madereva wa mabasi walinionyesha mahali pa kushukia, na wazee waliokaa mbele ya maduka walinisogezea kiti.

Nilipanga chumba katika kijiji cha Pyrgos, kilicho juu ya kilima, mbali kidogo na makundi ya wageni. Mwenye nyumba alikuwa mama mjane, mzee wa miaka 74. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, na Kigiriki changu kidogo zaidi. Yeye aliniita «pedi mu», maana yake mwanangu. Nami nilimwita Mama, naye alicheka kwa furaha, kwani hata kwa Kigiriki neno hilo ni lile lile. Tangu siku hiyo sikula tena hotelini jioni.

NYUMBA ZILIZOCHIMBWA

Nyumba ya mama huyo haikujengwa kama zetu. Sehemu yake ya mbele ni ya mawe, lakini vyumba vya nyuma vimechimbwa ndani ya kilima kama pango. Katika kisiwa hiki majivu ya moto yaliyorundikana zamani yamekuwa mwamba laini ambao hukatwa kwa sururu bila taabu nyingi. Tena hakuna msitu, kwa hiyo hakuna boriti za kuezekea. Basi watu walichimba, wakafanya dari ya mviringo ijishikilie yenyewe. Ndani mna baridi wakati wa hari, na joto wakati wa baridi.

Chokaa nyeupe iliyo nje si urembo tu. Huurudisha mwangaza wa jua, nyumba isiwe tanuri. Na dari nazo zilikuwa na kazi: mvua iliyonyesha juu yake iliongozwa mpaka kisimani chini ya nyumba, kwani Santorini hakuna mto hata mmoja, na mvua ni chache. Siku hizi maji mengi hupatikana kwa kuondoa chumvi katika maji ya bahari kwa mashine, lakini mama yule alikuwa bado akifunika kisima chake kwa uangalifu kama mtu afungaye sanduku la fedha.

Zamani mapango hayo yalikuwa makao ya mabaharia maskini na wakulima. Makapteni wa merikebu walijenga nyumba ndefu za mawe katika mji wa Oia. Leo mambo yamegeuka: matajiri wa nchi za mbali hulipa fedha nyingi walale usiku mmoja katika pango la maskini.

MIZABIBU ILALAYO CHINI

Niliyoyapenda kuliko yote yalikuwa mashamba. Mahali pengine mzabibu husimamishwa kwa miti au hutandazwa juu ya nyaya. Santorini hulazwa chini. Mkulima huyasuka matawi yake kwa mviringo, mwaka baada ya mwaka, mpaka yawe kama kikapu, na zabibu huiva ndani ya kikapu hicho. Sababu ni upepo. Pepo za bahari ni kali, huweza kupukutisha maua na kupeperusha mchanga mpaka zabibu zijeruhiwe. Ndani ya kikapu zinapata kivuli na salama. Na maji? Usiku ukungu na unyevu hutoka baharini, na mawe mepesi ya moto huunyonya kama sifongo, yakaipa mizizi asubuhi.

Tena udongo huo umewapa kinga. Katika karne ya 19, mdudu mdogo aitwaye filoksera aliiharibu mizizi ya mizabibu karibu Ulaya yote. Santorini hakuweza kukaa, kwa maana mdudu huyo hawezi kuishi katika mchanga wa moto usio na ufinyanzi. Ndiyo sababu mashina mengine ya kisiwa ni ya zamani sana. Zabibu yao ya sifa huitwa Assyrtiko. Nyingine huanikwa juani kwanza, kisha hukamuliwa divai tamu iitwayo Vinsanto. Divai hiyo zamani ilipelekwa mpaka Urusi, ikatumiwa huko katika Sadaka ya Misa.

Mezani kwa mama nilikula nyanya ndogo za kisiwa, zisizonyweshwa maji, zenye utamu mkali. Alizikatakata, akazichanganya na unga na vitunguu, akazikaanga. Nilikula pia fava, chakula cha mbegu za manjano zinazofanana na dengu, zilizopondwa kama uji mzito, kwa mafuta ya zeituni juu yake. Mbegu hizo hizo wataalamu wamezikuta ndani ya mitungi ya mji uliozikwa miaka zaidi ya 3,500 iliyopita. Chakula cha maskini kina ukoo mrefu kuliko cha wafalme.

NJIA YA KWENDA OIA

Siku ya tatu nilitembea kwa miguu toka Fira, mji mkuu, mpaka Oia, mwendo wa kilometa kama 10. Njia hupita ukingoni kabisa mwa shimo. Mkono wa kushoto ni bahari, chini sana. Mkono wa kuume ni vijiji na makanisa madogo yenye kuba za buluu. Hupita Imerovigli, mahali palipokaa walinzi zamani wakichungulia merikebu za wanyang'anyi wa bahari. Ni mwendo wa saa 3 au 4, na kofia na maji ni lazima.

Katika Oia watu hukusanyika jioni kutazama jua linavyozama. Walikuwa wengi hata haikuwezekana kupishana vichochoroni. Wenyeji wengi hulalamika juu ya wingi huo, na tangu mwaka 2025 abiria wa merikebu kubwa za matembezi wanaoshuka kisiwani wamewekewa kikomo cha 8,000 kwa siku. Lakini jua lenyewe halikupungua uzuri kwa wingi wa watazamaji. Lilipogusa maji, shimo zima liligeuka rangi ya shaba, na kelele zikakoma.

Jumapili nilirudi Fira. Wakristu wengi wa kisiwa ni Waorthodoksi, lakini Wakatoliki wapo tangu karne ya 13, wakati Wavenesia walipotawala visiwa hivyo. Kanisa lao kuu ni la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, na karibu nalo ni monasteri ya masista wa Mtakatifu Dominiko. Jina la Santorini lenyewe lilitoka kwa mabaharia wa Kilatini, waliokiita kisiwa kwa kanisa la Mtakatifu Irene walilolikuta huko.

MJI ULIOZIKWA

Kusini mwa kisiwa ni Akrotiri. Katika miaka ya 1860 majivu ya kisiwa yalichimbwa kwa wingi ili kutengenezea saruji ya Mfereji wa Suez, na wachimbaji wakakuta kuta za kale. Lakini kazi kubwa ilianza mwaka 1967, chini ya Profesa Spyridon Marinatos. Leo mji huo umefunikwa kwa paa kubwa, na mgeni hutembea katikati yake juu ya njia za mbao.

Nilistaajabu. Nyumba zina orofa mbili na tatu. Barabara zimetandikwa mawe, na chini yake hupita mifereji ya maji machafu. Mitungi mikubwa imesimama ghalani kama iliyoachwa jana. Kutani walikuta picha za rangi, ambazo nyingi sasa huonyeshwa katika nyumba za makumbusho: mvuvi kijana ameshika samaki kwa mafungu, watoto wawili wapigana ngumi, mbayuwayu waruka juu ya maua.

Kuna jambo moja lililonigusa kuliko picha hizo. Katika mji wa Pompei, huko Italia, uliofunikwa na moto wa Vesuvio mwaka 79, watu wengi walikutwa wamekufa katika nyumba zao. Akrotiri hawakuonekana waliofia hivyo nyumbani. Vitu vya thamani navyo ni haba. Mwaka 1999 kilipatikana kisanamu kimoja cha dhahabu, cha mbuzi wa mwitu, ndani ya sanduku. Tetemeko lilikuwa limetangulia, nalo lilibomoa nyumba. Watu walikuwa wameanza kuondoa vifusi. Vitanda vilikutwa vimetolewa nje na kurundikwa. Ndipo walipoona dalili nyingine, wakaacha kazi, wakachukua vyao, wakaondoka mjini kabla majivu hayajashuka. Hawakuwa na vyombo vya kupimia nchi. Walikuwa na masikio, nao waliyatumia.

JUU YA MOTO WENYEWE

Siku ya tano nilishuka toka Fira mpaka bandari ya zamani kwa ngazi zake 588. Punda na nyumbu hupanda na kushuka hapo wakibeba wageni. Tangu mwaka 2018 sheria ya Ugiriki inakataza kumpakia mnyama wa namna hiyo kilo zaidi ya 100, au zaidi ya sehemu ya tano ya uzito wake. Mimi nilitumia miguu yangu, na wakati wa kurudi nilipanda gari la kamba ya chuma.

Mashua ilitupeleka Nea Kameni. Hapo hakuna nyumba, wala shamba. Ni mawe meusi yenye makali, kama yale yaliyotapakaa katika mitaa ya Goma. Kisiwa hiki kilianza kuchomoza majini mwaka 1707. Kikaongezeka mwaka 1866 na miaka iliyofuata, tena toka 1925 hata 1928, tena toka 1939 hata 1941, na mara ya mwisho mwaka 1950. Tulipanda mpaka ukingo wa shimo lake. Mvuke ulitoka katika nyufa na harufu ya kiberiti. Niliweka kiganja juu ya udongo, ukawa na joto kama jiwe la jikoni lililoachwa tangu asubuhi. Kisha mashua ikatupeleka karibu na Palea Kameni, ambako maji ya vuguvugu yenye rangi ya kutu hutoka chini, na watu huruka ndani yake kuoga.

Jioni hiyo nilimweleza mama habari za mvuke. Alinyamaza kidogo, ndipo akanisimulia habari za Julai 9, mwaka 1956. Alikuwa mtoto wa miaka 6. Alfajiri nchi ilitikisika. Baba yake alimbeba mgongoni kutoka pangoni, na nyuma yao kuta za mbele zikaanguka. Watu 53 walikufa siku ile, nyumba nyingi zikabomoka, na bahari ikainuka. Jamaa nyingi zilihamia Athene zisirudi tena. Toka miaka ya 1970 tu nyumba za zamani zilianza kutengenezwa tena kwa ajili ya wageni. Nyumba nyeupe ambazo sisi tulizipiga picha, yeye alizijua zikiwa vifusi.

Wazee wa kisiwa wana kumbukumbu nyingine pia. Kaskazini-mashariki, kilometa chache toka pwani, umo mlima mwingine wa moto chini ya bahari, uitwao Kolumbo. Mwaka 1650 ulilipuka. Hewa yake yenye sumu ilienea nchi kavu, ikaua watu kama 70 pamoja na wanyama wengi, na mawimbi yakapiga pwani.

NCHI ILITIKISIKA TENA

Nilikuwa nimekwisha kurudi habari zilipokuja. Mwishoni mwa Januari 2025 matetemeko yalianza kati ya Santorini na kisiwa cha Amorgos, maelfu kwa maelfu, mengine yakifuatana kwa dakika chache. Kubwa kuliko yote, la Februari 10, lilikuwa na kipimo cha 5.3. Serikali ilifunga shule na kutangaza hali ya hatari, na watu zaidi ya 11,000 waliondoka kwa merikebu na ndege. Hakuna aliyekufa, wala moto haukutoka. Baadaye wataalamu walieleza kwamba mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yakipenya kwa nguvu katika nyufa, chini sana ya sakafu ya bahari, yasifike juu.

Je, watu wale walikimbia bure? Wako waliosema hivyo. Mama yule hakusema hivyo. Alikwenda Athene kwa mwanawe, akakaa wiki tano, akarudi mwezi wa Machi. Aliniandikia kwamba nyumba ni nzima, na kwamba amechelewa kuikata mizabibu yake. Hakuona aibu kwa kuondoka wala kwa kurudi.

Neno hili yafaa tulifikiri sisi watu wa Kivu. Nyiragongo uliteremsha uji wake wa moto Januari 10, 1977. Ukaingia kati ya mji wa Goma Januari 17, 2002. Ukatoka tena usiku wa Mei 22, 2021. Siku tano baada ya hapo, watu walipoambiwa waondoke, walitoka kwa mamia ya maelfu, wengine wakaenda Sake, wengine Rwanda, wengine Bukavu kwa mashua. Wako waliorudi wakinung'unika kwamba hakikutokea kitu tena. Lakini mlima hauweki miadi na mtu. Anayeondoka mara tatu bure amepoteza siku chache. Anayekataa mara moja aweza kupoteza jamaa yake yote.

Kupenda nchi ya moto si upumbavu. Majivu yale yale yaliyouzika mji wa Akrotiri ndiyo yanayolisha mizabibu ya Pyrgos. Na udongo mweusi wa volkano zetu ndio unaostawisha maharagwe na viazi vyetu. Lakini aishiye hapo apaswa kujiweka tayari. Baba na mama wapatane tangu sasa: njia gani mtapita, nani atamshika mtoto mdogo, nani atamwongoza bibi mzee, mtakutana wapi mkitengana, na hati za nyumba zimewekwa wapi. Ni mazungumzo ya jioni moja tu. Wahenga wetu wamesema kwa maneno machache: tahadhari kabla ya athari.